Nyama iliyopitwa na tarehe: jinsi ya kuamua kama bado inafaa kuliwa

Pakiti ilikuwa na mapaja sita ya kuku, na tarehe iliyochapwa pembeni ilikuwa ya siku ileile. Jirani yangu wa hapa Katuba, Lubumbashi, aliniletea akiwa ameishika kwa vidole viwili, akaniambia: “Yaya, nusa basi, haina kitu.” Nilinusa, na kweli haikuwa na harufu yoyote ya kutilia shaka. Hata hivyo nilimshauri asiipike, wala sababu haikuwa tarehe. Umeme wa mtaa wetu ulikuwa umekatika tangu jioni ya juzi hadi asubuhi ya jana, jumla ya saa 13, na frigo yake ndogo haikuwa na barafu ya kushikilia baridi. Kuku wale walikuwa wamelala kwenye uvuguvugu usiku kucha, kisha wakapozwa tena, na karatasi ya kiwandani haikuwa na njia ya kuyajua hayo.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya jiko la kawaida la Lubumbashi, ambamo nyama huingia kwa milango miwili. Ipo ya ng'ombe, mbuzi au nguruwe inayouzwa sokoni bila pakiti wala tarehe, na ipo ya pakiti au ya katoni, iliyopita mpakani Kasumbalesa ndani ya lori la baridi au iliyosafiri kwa meli kutoka mbali kabla ya kufika kwenye chambre froide (vyumba vya baridi vya wauzaji) za mjini. Tarehe ni ya hii ya pili. Watu wengi wakiona imepita hukimbilia pua, na pua ikiridhika wanawasha mbabula (jiko la makaa). Mimi ninapendekeza mpangilio mwingine: kwanza karatasi, pili historia ya baridi, tatu pakiti yenyewe, kisha ndipo macho, pua na vidole vipewe nafasi yao.

Kuharibika na kudhuru si jambo moja

Katika nyama mbichi huweza kuishi vijidudu vya makundi mawili. Kundi la kwanza ni la vijidudu vya kuozesha, ambavyo hula nyama na kuacha utelezi, uchachu na ile harufu ya yai viza inayomfanya mtu ageuze uso. Kundi la pili ni la vijidudu vya maradhi, kama vile Salmonella, Campylobacter, Listeria, aina kali za E. coli, Clostridium perfringens, na Staphylococcus aureus, ambayo mara nyingi hutoka kwenye mikono na pua za watu wanaoshika chakula. Hivi vya pili vinaweza kuwamo kwa wingi wa kutosha kumlaza mtu kitandani bila kubadili rangi wala harufu ya nyama. Kwa hiyo pua ikisema nyama imeoza, iamini bila kubishana nayo; ikisema nyama ni nzima, bado hujapata jibu.

Vijidudu vingi vya maradhi hustawi kati ya nyuzi 4 na nyuzi 60 za Selsiasi. Katika joto linaloviridhisha, kimoja kinaweza kugawanyika kuwa viwili kila baada ya dakika 20 hivi, na ukiifanya hesabu hiyo kwa saa 7 utapata zaidi ya milioni mbili kutoka kwa kijidudu kimoja. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba nyama isikae nje ya baridi kwa zaidi ya saa 2, na joto la hewa likipita nyuzi 32 isizidi saa 1. Mwezi wa Oktoba, mvua zikiwa bado hazijashika, ni hiyo saa 1 inayotuhusu. Mwezi wa Juni na Julai watu hujidanganya kwa upande mwingine, wakidhani kwamba baridi ya usiku inatosha kulaza nyama mezani, ilhali jiko ambalo makala (makaa) yake yamewaka hadi usiku haliko hata karibu na nyuzi 4.

Hatua ya kwanza: soma tarehe, kisha soma maneno yaliyoitangulia

Tarehe peke yake haisemi kitu mpaka usome maneno yanayoiongoza. Kwenye pakiti za Kifaransa kuna “À consommer jusqu'au”, na kwenye zile zinazotoka Zambia na Afrika Kusini kuna “Use by”. Maneno haya huwekwa kwenye vyakula vinavyoharibika upesi, kama kuku mbichi wa frigo au nyama ya kusaga, nayo ni onyo la usalama. Nyama mbichi ya frigo ikiwa imepita tarehe ya namna hii, msimamo wangu hauna mjadala: itupwe, hata kama imepita kwa siku moja. Jambo pekee linaloweza kuiokoa ni kuwa iligandishwa kabla tarehe haijapita, au siku ileile ya tarehe. Hapo saa yake ilisimama, na utakapoiyeyusha una siku 1 tu ya kuipika.

Maneno ya pili ni “À consommer de préférence avant”, au “Best before”. Haya yanahusu ubora. Mtengenezaji anaahidi kwamba hadi siku hiyo ladha na ulaini vitakuwa kama alivyokusudia, na baada ya hapo chakula hakigeuki kuwa sumu. Utayakuta kwenye makopo na kwenye vyakula vingi vilivyogandishwa. Maneno “Sell by” ni maelekezo ya muuzaji, siku yake ya mwisho ya kuiacha bidhaa rafuni, na kwa nyama mbichi humwachia mnunuzi siku chache tu. Kwenye katoni za kuku kutoka Brazili neno la kutafuta ni “Validade”, yaani muda wa kutumika.

Angalia pia mpangilio wa tarakimu. Bidhaa nyingine hutanguliza mwaka, nyingine hutanguliza siku, na tarehe kama 04/03 imewahi kusomwa na watu wawili katika duka moja kama Machi na kama Aprili. Ikiwa pakiti ina tarehe mbili, yaani ya kutengenezwa na ya kuisha, zilinganishe: ya kuisha lazima iwe mbele, na hiyo mara nyingi itakuonyesha ipi ni siku na ipi ni mwezi.

Zaidi ya hayo, pitisha ukucha juu ya tarehe. Ikiwa karatasi imebandikwa juu ya karatasi, ikiwa wino umefifia mahali pa tarehe tu huku maandishi mengine yakiwa mazima, au ikiwa mapaja yametolewa kwenye katoni na kufungwa upya katika mifuko myeupe isiyo na maandishi, basi huna tarehe kabisa, na unapaswa kuihesabu nyama hiyo kama ya sokoni. Muuzaji mwaminifu hakatai kukuonyesha katoni aliyoifungua.

Hatua ya pili: hesabu saa za baridi

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, na ndipo sisi tunapotofautiana na watu wa miji ambayo umeme haukatiki. Aliyechapa tarehe alidhani kwamba nyama ya frigo itakaa kwenye nyuzi 4 au chini yake, na ya kugandishwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, bila kukatizwa tangu kiwandani hadi jikoni kwako. Baridi hiyo ikikatika, tarehe iliyochapwa imekwisha kazi yake.

Anza na frigo. Mlango usipofunguliwa, frigo hushikilia baridi ya kutosha kwa muda wa saa 4 hivi baada ya umeme kukatika. Baada ya hapo nyama mbichi, nyama iliyopikwa, soseji na maziwa vinaingia kwenye hesabu ya saa 2. Konjelateri (friza) ina uvumilivu zaidi: iliyojaa pomoni hukaa na baridi kwa saa 48 hivi, na iliyojaa nusu kwa saa 24, kwa sharti kwamba mfuniko usiguswe. Sharti hilo ndilo gumu zaidi nyumbani, kwa sababu delestaji (mgao wa umeme) ikianza kila mtoto anakumbuka kuwa ana kiu ya maji baridi. Ninaweka chupa za maji ya kunywa kwenye chombo kingine na kuzungushia konjelateri mkanda, na sioni aibu kusema kwamba mkanda umeokoa nyama nyingi kuliko maneno yangu.

Tatizo linabaki pale unapokuwa hukuwepo. Umesafiri kwenda Likasi siku tatu, umerudi, konjelateri inanguruma na kila kitu ni kigumu kama jiwe. Je, kiliyeyuka na kuganda tena? Katika nchi nyingine watu hugandisha kikombe cha maji na kuweka sarafu juu ya barafu. Wakirudi na kuikuta sarafu imezama, wanajua barafu iliyeyuka. Kwetu sarafu zimepotea mikononi mwa watu muda mrefu, na noti ya faranga haitazama vizuri, kwa hiyo tumia nati ya bolti au kijiwe kisafi. Njia ninayoipenda zaidi ni ya chupa ndogo ya plastiki: jaza maji nusu, funga, igandishe ikiwa imesimama, kisha igeuze kichwa chini na uiache humo. Barafu ikiwa bado imening'inia upande wa kitako, baridi haikukatika kwa muda wa kutisha. Ukiikuta imeshuka na kugandia kwenye kizibo, kila kilichokuwamo kiliyeyuka, na kwa kuwa hujui kilikaa katika hali hiyo kwa saa ngapi, nyama hiyo haipaswi kuliwa.

Kama ulikuwepo na umeifungua mwenyewe baada ya umeme kurudi, bonyeza nyama katikati. Ikiwa bado ina chembe za barafu ndani yake, au kipimajoto kinaonyesha nyuzi 4 au chini, inaweza kugandishwa tena au kupikwa, ingawa itapoteza maji na kuwa kavu kidogo. Ikiwa imelainika na ina joto la mkono, na hujui tangu lini, imekwisha.

Usisahau saa za njiani. Mtu anayenunua mjini saa za mchana, akapitia mahali pawili, kisha akakaa kwenye basi dogo hadi Rwashi, anaweza kutumia saa 1 yote ya Oktoba kabla hajafika kwake. Nyama inunuliwe mwisho wa safari ya soko, iwekwe katikati ya vitu vilivyogandishwa, ifungwe kwa magazeti mengi au iwekwe kwenye boksi la baridi.

Hatua ya tatu: ichunguze pakiti kabla ya kuichunguza nyama

Shika pakiti ya kuku aliyegandishwa na uigeuze. Vipande vilivyogandishwa vizuri kiwandani mara nyingi huachana, na ukiitikisa pakiti unasikia vikigongana. Vipande vilivyoyeyuka na kugandishwa tena hugeuka kuwa bonge moja lenye umbo la mfuko, na kwenye kona ya chini utaona ubao wa barafu ya waridi, ambao ni majimaji ya nyama yaliyoteremka wakati wa kuyeyuka na kuganda yalipotulia. Hiyo barafu ya waridi ndiyo ishara ninayoitafuta kwanza katika kila chambre froide. Theluji nyembamba nyeupe juu ya vipande haitishi. Chembe kubwa za barafu zilizojaa ndani ya mfuko zinaonyesha kwamba baridi imekuwa ikipanda na kushuka.

Pakiti ya frigo iliyovimba kama mto, ilhali zenzake ziko bapa, ina gesi iliyotengenezwa na vijidudu, na isifunguliwe ndani ya nyumba. Zipo pakiti ambazo kiwanda chenyewe hujaza hewa maalumu, kwa hiyo linganisha na za jirani yake kabla ya kuhukumu. Pakiti iliyonyonywa hewa lakini ikalegea imepasuka mahali, na tarehe yake haihesabiwi tena.

Kopo la nyama lina sheria zake, na hapa tarehe ndiyo ndogo kabisa. Kopo zima, kavu, lililokaa mahali pasipo na joto kali, linaweza kuliwa miezi mingi baada ya tarehe ya ubora kupita. Kopo lililovimba, linalovuja, lililobonyea kwenye mshono au linalorusha majimaji linapofunguliwa halionjwi hata kwa ncha ya ulimi, kwa sababu sumu ya Clostridium botulinum inaweza kuua kwa kiasi kidogo sana.

Hatua ya nne: macho, pua na vidole

Rangi inawadanganya watu kuliko kitu kingine chochote. Nyama ya ng'ombe ina protini inayoitwa mioglobini, ambayo ikikutana na hewa hugeuka nyekundu angavu, ikinyimwa hewa hubaki ya zambarau, na ikikaa siku kadhaa hugeuka kahawia. Kwa hiyo nyama ya zambarau ndani ya pakiti isiyo na hewa ni ya kawaida kabisa, na nyama ya kusaga iliyo nyekundu nje na kahawia ndani haijachakachuliwa na mtu. Kahawia peke yake si uozo. Kinachotisha ni kijani au kijivu kinachoandamana na utelezi au harufu. Mng'ao wa upinde wa mvua unaouona juu ya nyama ya paja iliyokatwa nyembamba husababishwa na mwanga kugonga nyuzi za nyama, na hauna madhara.

Madoa meupe makavu juu ya nyama iliyogandishwa, yanayofanana na ngozi iliyopauka kwa baridi yetu ya Julai, ni dalili ya kukaushwa na baridi. Yakate, nyama iliyobaki inaliwa.

Kunusa kuna utaratibu wake. Toa nyama kwenye pakiti, mwaga majimaji, iweke kwenye sahani safi mbali na vitunguu na makala yanayofuka. Nyama iliyokuwa imenyonywa hewa hutoa harufu ya uchachu mara inapofunguliwa. Isubiri dakika 15 hadi 20 ukiwa umeifunika ndani ya frigo, kisha nusa tena. Ikiwa harufu imetoweka, ilikuwa ya kufungiwa tu. Ikiwa imebaki au imeongezeka, itupe. Halafu gusa kwa kidole kilichonawiwa: nyama nzima ina unyevu na hurudi ukiibonyeza, nayo iliyoharibika huacha uzi wa utelezi kati ya vidole. Kuku ndiye wa kukaguliwa chini ya mabawa na kwenye maungio, kwa kuwa huko ndiko utelezi huanzia.

Wauzaji wengine huosha nyama iliyoanza kuteleza kwa maji ya chumvi, siki au ndimu, na baadhi ya akina mama nyumbani hufanya vilevile kwa nia njema kabisa. Ndimu huondoa harufu na kulainisha nyama, basi. Haiviui vijidudu vya ndani wala haiondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa, na inakupokonya ile ishara ambayo ingekuokoa. Vilevile, kumwosha kuku mbichi chini ya bomba hurusha matone yenye vijidudu hadi kwenye sahani zilizo jirani.

Hatua ya tano: pima aina ya nyama

Nyama hazina uvumilivu sawa. Kuku mbichi, nyama ya kusaga, maini, figo na matumbo hudumu siku 1 hadi 2 katika frigo yenye nyuzi 4. Vipande vikubwa vya ng'ombe, mbuzi au nguruwe hudumu siku 3 hadi 5. Nyama iliyopikwa ihesabiwe siku 3 hadi 4. Ile ya sokoni isiyo na tarehe unaipa tarehe mwenyewe kwa hesabu hizi, ukianza na siku uliyoinunua, na ukitoa saa ilizokaa juu ya meza ya muuzaji.

Sababu ya tofauti hiyo inaeleweka kirahisi. Katika kipande kizima vijidudu hukaa zaidi juu ya uso, ambapo moto hufika kwanza; mashine ya kusaga huchukua uso huo na kuuchanganya na kila tonge la ndani.

Nyama ambayo haikuwahi kutoka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri haikuzi vijidudu, hata tarehe yake ikiwa imepita kwa miezi. Kinachoisha ni ladha. Kuku mzima hubaki mzuri kwa mwaka mmoja hivi, vipande vya kuku miezi 9, nyama ya kusaga miezi 3 hadi 4. Mafuta ya nguruwe huwahi kuchacha na kuacha ladha ya mafuta yaliyotumika mara nyingi.

Poloni, soseji za kuliwa baridi na nyama nyingine zilizokwisha kupikwa kiwandani ninazitendea kwa ukali zaidi kuliko nyama mbichi, na najua wengi hufanya kinyume. Listeria hukua hata ndani ya frigo, polepole lakini bila kusimama, na mtu hula poloni bila kuipitisha motoni. Mlipuko wa ugonjwa huo uliotokea Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018, uliosababisha wagonjwa zaidi ya 1,000 waliothibitishwa na vifo zaidi ya 200, ulipofuatiliwa uliishia kwenye poloni. Tarehe ya poloni ikipita, au siku 3 hadi 5 zikipita baada ya kufunguliwa, kwangu haina nafasi.

Hatua ya sita: angalia nani atakula

Nyama ileile inaweza kumpa kijana mwenye afya tumbo la siku moja na kumpeleka mwingine hospitali. Mama mjamzito anaweza kupoteza mimba kwa Listeria akiwa yeye mwenyewe amehisi homa ndogo tu. Watoto chini ya miaka 5, wazee, wanaoishi na virusi vya UKIMWI na wenye kisukari wako katika kundi hilohilo. Nawaongeza wagonjwa wa selimundu, ambao wengi hapa tunawaita SS, kwa kuwa Salmonella ina tabia ya kuingia katika mifupa yao na kuleta maambukizi magumu kutibu. Katika nyumba yenye mmoja wao, shaka yoyote iliyobaki baada ya hatua tano zilizotangulia ihesabiwe kuwa jibu la hapana.

Hatua ya saba: moto, na mipaka yake

“Nitaichemsha sana” ni sentensi ninayoisikia mara nyingi, nayo ni kweli nusu. Moto unaua Salmonella, E. coli, Campylobacter na Listeria: kuku afike nyuzi 74 katikati ya sehemu nene, nyama ya kusaga nyuzi 71, na kipande kizima cha ng'ombe au nguruwe nyuzi 63 kisha kipumzike dakika 3. Kipimajoto cha jikoni ndicho shahidi bora. Asiye nacho akate karibu na mfupa na kuhakikisha kwamba hakuna wekundu wala majimaji ya waridi.

Nusu nyingine ni kwamba moto hauondoi kila kitu. Staphylococcus aureus ikipata saa za kutosha kwenye nyama yenye uvuguvugu huacha sumu inayostahimili kuchemshwa, kwa hiyo unaweza kuua vijidudu vyote na bado ukatapika. Sisi tuko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ambapo maji huchemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100, jambo ambalo halizuii kuua vijidudu vya kawaida, ila linathibitisha kwamba chungu chetu hakina nguvu za ajabu. Mbegu za Clostridium perfringens nazo huvumilia mchemsho, kisha huamka chungu kinapopoa polepole. Ndiyo hadithi ya sufuria kubwa za kwenye kilio: nyama inapikwa jioni, inaachwa usiku kucha imefunikwa juu ya majivu yenye uvuguvugu, na asubuhi inaliwa kwa bukari (ugali). Nyama ya namna hiyo igawanywe kwenye vyombo vifupi ipoe haraka, au iendelee kuchemka.

Kuyeyusha pia ni sehemu ya hatua hii. Nyama iyeyushwe ndani ya frigo, ambapo kuku mzima huchukua siku 1 hadi 2, au ndani ya maji baridi ikiwa kwenye mfuko usiovuja, maji yakibadilishwa kila dakika 30, kisha ipikwe mara moja. Kuiacha kwenye beseni juani ili iwahi chakula cha mchana ni kuianzishia ile hesabu ya dakika 20.

Ikiwa imekwisha kuliwa

Sumu ya Staphylococcus hujitokeza kati ya dakika 30 na saa 8, kwa kutapika zaidi. Perfringens huchukua saa 6 hadi 24 na kuleta maumivu ya tumbo na kuhara. Salmonella inaweza kuanza baada ya saa 6 au baada ya siku 6, na Listeria wiki kadhaa. Kinachowaangusha wagonjwa wengi ni kupoteza maji: mpe mgonjwa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikoruhusu hata maji kubaki, mtoto asiyekojoa, au homa yoyote kwa mjamzito ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kuona vitu viwiliviwili, ulimi mzito na kushindwa kumeza ni dalili za botulizimu, ugonjwa wa ile sumu ya Clostridium botulinum, na hapo hata usiku hausubiriwi.

Kuitupa

Nyama iliyokataliwa isipewe mbwa wala isiachwe juu ya jalala ambapo mtu mwenye njaa ataiokota akidhani ni bahati. Ifunge katika mifuko miwili, au ifukie kwa kina ambacho mbwa hawafiki. Toa rafu za frigo, zioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha uzifute kwa kijiko kikubwa 1 cha javel (dawa ya klorini) kilichochanganywa na lita 4 za maji, na uziache zikauke. Ubao wa kukatia, kisu, kipini cha bomba na kitambaa ulichofutia vipitishwe humohumo. Jirani yangu alizika mapaja yake sita nyuma ya mti wa embe, akaosha frigo, na siku iliyofuata alikuja kuomba chupa ndogo ya plastiki yenye kizibo.